Shajara ya Ukoka: Iyumbu, Oktoba hadi Oktoba

Oktoba, kabla ya mvua

Mradi ni kupanda majani kiwanjani kwangu hapa Iyumbu, Dodoma. Eneo lake ni mita za mraba 120, kutoka barazani hadi ukuta wa mashariki. Thuluthi moja iko chini ya mwarobaini, iliyobaki inachomwa na jua kutwa nzima. Udongo ni mwekundu, kichanga kwa juu, lakini ukichimba kina cha kiganja unagonga tabaka gumu na sururu inaanza kulia. Maji ni ya bomba, yaani ya mgao, pamoja na tangi la lita 5,000 na paa la bati mvua ikijaliwa. Majani ni Pemba, aina ya nyasi za bustani zenye jani pana, yataletwa kwa magunia kutoka Morogoro.

Sababu rasmi ya mradi ni vumbi. Nilipohamia huku na ofisi kutoka Dar es Salaam niliambiwa habari za jua, za baridi ya Juni, na za maji yanayoacha chokaa kwenye birika. Vumbi hawakulitaja. Kuanzia Julai upepo unabeba udongo wa viwanja vyote ambavyo havijajengwa na kuja kuupanga kwenye makochi yangu.

Sababu isiyo rasmi inaishi upande wa pili wa ukuta. Jirani yangu wa mashariki ni bwana shamba mstaafu, mzaliwa wa Kondoa, na kiwanja chake kizima ni ukoka wa kawaida, ule unaojiotea kandokando ya barabara. Mvua zilizopita ukoka huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba fundi umeme aliyekuja kwangu alisimama kwanza getini kwa Mzee, kisha akaingia akanipa hongera kwa kukaa jirani na mahali pazuri. Nimelibeba neno hilo tangu wakati huo.

Sasa hivi, Oktoba, ukoka wa Mzee una rangi ya mkeka mkuukuu. Hamwagilii hata tone. Nikamwambia juu ya ukuta, kwa heshima zote, kwamba mwakani wakati kama huu changu kitakuwa kijani.

"Pemba?" akauliza. "Hapa? Binti yangu, huo ni mradi wa karanga wa Kongwa."

Kwa wasiojua: mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa, mkoani humu humu, wakaleta matrekta yaliyotumika vitani, na kufikia 1951 wakawa wameuacha. Mvua haikufuata ratiba yao, na udongo ukikauka ulikaza kiasi kwamba hata karanga zilizozaa hazikung'oleka. Mzee anaitumia Kongwa kama fimbo. Kila mgeni wa Dodoma anayepanda kitu bila kumuuliza anachapwa nayo.

Tumewekeana dau. Asubuhi moja ya Oktoba mwakani, kabla mvua haijagusa ardhi, kiwanja chenye kijani kingi kinashinda. Aliyeshindwa anatoa jogoo wa kienyeji. Mwamuzi ni kijana wa bustani, ambaye anahudumia nyumba zote mbili, na ile ya ghorofa ya mbele yetu pia, na anaapa hana upande. Kwa mtu asiyemwagilia, Mzee alikubali upesi mno, tena akitabasamu. Naliandika hili kwa kumbukumbu.

Oktoba, mwishoni

Sururu. Kijana na mwenzake wamelipasua lile tabaka hadi sentimita 25 hivi. Chini yake udongo una unyevu kidogo, jambo lililonipa moyo kuliko linavyostahili.

Samadi imechanganywa, gunia moja kwa kila mita tano za mraba, na nimeikagua mwenyewe kuona kama imeiva: nyeusi, inamomonyoka, haina harufu ya zizi. Samadi mbichi huku ni kuwapelekea mchwa mwaliko, na inakuja na mbegu za kila gugu ambalo ng'ombe alilila njiani.

Mbigili tumezifagia kwa ufagio wa chelewa, maana zile mbegu zenye miiba zinabaki juu ya ardhi zikisubiri unyayo wa mtoto. Ndago haifagiliki. Ukiivuta, majani yanatoka na kile kiazi chake kidogo kinabaki chini kinacheka, halafu kinachipua viwili. Tumechekecha udongo wa upande wa geti kwa chekecheke ya mchanga wa ujenzi. Kijana aliona ni wazimu lakini viazi alivyookota vilijaza ndoo.

Usawa umepimwa kwa vigingi, kamba na pima maji, kiwanja kishuke sentimita mbili kwa kila mita, kikiuacha msingi wa nyumba na kuelekea mtaro.

Mzee alikuwa barazani kwake na gazeti. Halikugeuzwa ukurasa asubuhi nzima.

Novemba

Hakuna mvua, hakuna kazi. Mawingu yanajikusanya kila alasiri upande wa Mpwapwa, yananguruma, yanatawanyika. Magunia sijayaagiza. Kupanda Pemba kwa maji ya tangi mwezi huu ni kumwaga hela kwenye kichanga.

Desemba, wiki ya kwanza

Imenyesha usiku kucha. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje na majembe, hata wale wenye kiwanja cha kupanda mashina kumi ya mahindi nyuma ya nyumba. Kirikuu ilileta magunia jioni. Tumeyapanda kesho yake kukiwa na mawingu: kila kipando kina vifundo vitatu au vinne, viwili chini ya udongo, kimoja kinachungulia, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Baada ya hapo tumeviringisha pipa lililojaa maji juu yake ili mizizi ishikane na udongo. Hakuna kinachoua vipando haraka kama hewa iliyobaki chini.

Thuluthi ya kivulini nimeipanda kwa karibu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua Pemba tangu mwanzo: jani lake pana linavumilia kivuli, wakati ukoka wa kawaida unataka jua na chini ya mti hubaki nyuzi tu. Mzee analijua hilo. Chini ya mwembe wake kuna duara la udongo mtupu ambalo halizungumzi kamwe.

Desemba, kabla ya Krismasi

Mvua kubwa. Chini ya ukuta wetu kuna matundu mawili ya kupitishia maji, kwa kuwa kiwanja chake kiko juu kidogo kuliko changu. Maji yake yanapita kwangu kwenda mtaroni, na leo yamepita na tope, majani makavu, kandambili ya mjukuu, na vipande vya ukoka. Nimeirudisha kandambili. Vipande nimeokota nilivyoviona.

Januari

Viwavijeshi. Walianzia viwanja vya nyuma, wakaingia kwa Mzee usiku, na asubuhi ukoka wake ulikuwa vijiti. Walipofika ukutani tulikuwa tumeshapiga dawa upande wangu, naye akanisaidia kushika pampu, bila neno la Kongwa. Nilimpa pole ya kweli. Wiki mbili hazikupita ukoka ulikuwa umerudi, mzito kuliko mwanzo, na pole yangu ikabaki haina kazi.

Mwezi huu pia dada yake Mzee amekuja kutoka kijijini Kondoa, bibi mrefu, mkimya, anayeamka kabla ya adhana. Siku ya pili tu tulimsikia Mzee akilalamika alfajiri. Bibi alikuwa amechukua jembe, akaparua ukoka wote mbele ya mlango wa kaka yake, upana wa kitanda cha watu wawili, kisha akaufagia udongo kwa mistari.

Nilikwenda kumwamkia, na kuangalia, sikatai.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye yale majani mengine?"

Nikasema ndiye mimi. Akanitazama kwa huruma. Kwao, akasema, nyumba yenye majani mlangoni ni nyumba ambayo watu wake wamekufa au wamehama. Nyumba ya watu hai ina uwanja uliofagiwa, nyoka akipita unamwona, mgeni akija unaona nyayo zake. Hayo majani ya kupanda mbele ya nyumba aliyaona mara ya kwanza Uzunguni, mjini, na alidhani ni ya kulishia farasi.

Hakuna hoja niliyokuwa nayo. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye uwanja wa kufagiwa, na kuwahi ufagio asubuhi ndiyo ilikuwa alama ya mtoto wa kike aliyelelewa. Wote wawili, Mzee na mimi, tunashindania kitu ambacho bibi zetu wangetuchapa kwa kukipanda. Lakini uwanja wa kufagiwa ulikuwa na mashamba na vichaka vya kuukinga upepo. Hapa Iyumbu viwanja vimesafishwa kwa greda na vinasubiri wenye hela, na udongo uliofagiwa Agosti unalala mezani.

Februari

Pengo. Miaka mingi mvua za Dodoma hukatika katikati, na wakulima wa huku wanaliogopa pengo hilo kuliko kiangazi chenyewe, kwa sababu linakuta mtama na mahindi yanatoa mashuke. Pemba yangu ya juani imeanza kukunja majani mchana. Ile ya kivulini haina habari. Nimemwagilia alfajiri tu, maji mengi kwa mara chache, ili mizizi iyafuate chini.

Machi

Imeshikana! Ukisimama getini huoni udongo. Kijana amekata mara ya kwanza kwa fyekeo, baada ya mabishano. Yeye amezoea kunyoa ukoka wa Mzee hadi sentimita tatu, na ukoka unapenda hivyo. Pemba ukiinyoa namna hiyo unabaki na vikonyo vya kahawia. Tumekubaliana sentimita sita, na kamwe asiondoe zaidi ya thuluthi ya urefu kwa mara moja. Ameweka alama ya kalamu kwenye kijiti.

Habari anazozibeba kutoka nyumba hadi nyumba zina thamani kuliko kazi yenyewe. Leo ameingia na salamu yake ya Kigogo ya kila siku, "Mbukwenyi!", akaniambia, bila kuulizwa, kwamba Mzee amehesabu magunia ya samadi yaliyoshushwa kwangu. Nikamuuliza kama na Mzee huambiwa mambo yangu.

"Mama, mimi sisemi," akajibu. "Ananiuliza tu, mimi naitikia."

Aprili, mvua ikiaga

Mzee amenialika chai. Nadhani alitaka kuonekana mwungwana wakati viwanja vyote viwili viko vizuri na mgeni hawezi kusema kipi kimeshinda. Tumezungumza hadi magharibi.

Alifanya kazi HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973 kuokoa milima ya Kondoa iliyokuwa imechanika makorongo. Walianza kwa matuta, mitaro na miche, kazi ya mikono na matrekta. Kisha mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika zaidi. Watu walipelekwa na ng'ombe wao mbali, wengine wakagawana mifugo na ndugu wa tambarare, na machungu ya jambo lile bado yapo katika koo nyingi. Anayasema bila kuyapamba, kwa sababu na mifugo ya baba yake ilihesabiwa humo. Lakini anachokumbuka zaidi ni mvua za miaka iliyofuata. Milima iliota majani ambayo hakuna aliyeyapanda.

"Matuta yetu tuliyapiga picha," alisema. "Majani yalikuja yenyewe, hayakupigwa picha na mtu."

Kwa hiyo hamwagilii. Si ubahili, kama nilivyokuwa nikieleza ofisini. Ana imani kwamba jani linalostahili kukaa mahali linajua njia ya kufika, na linalohitaji kubembelezwa ni mgeni. Nilimwambia kwamba mimi pia ni mgeni hapa na nimebembelezwa sana kodi ya kiwanja. Alicheka hadi akapaliwa na chai.

Sikubaliani naye yote. HADO walikuwa na milima na miaka. Mimi nina mita 120 na Oktoba.

Mei

Kijani. Kimya. Mvua zimekwisha, bili ya maji haijaanza kupanda.

Juni

Kaka wa nyumba ya ghorofa ameingia mashindanoni bila kuulizwa. Lori dogo limeshusha mazulia ya nyasi za plastiki asubuhi, jioni kiwanja chake kikawa kijani kuliko vyote mtaani, na kitabaki hivyo. Ametuma kwa kijana salamu kwamba na yeye anataka jogoo.

Mzee na mimi tulikutana getini tukatazama. Ilikuwa mara ya kwanza tuko upande mmoja tangu viwavijeshi.

Nimekwenda kuishika. Asubuhi ni baridi na safi. Saa saba mchana mtoto wake alitoka peku, akaruka, akarudi ndani akikimbia. Na vumbi linaishia juu yake hapo hapo, halina pa kuzama, kwa hiyo kila Jumamosi kaka anaiosha kwa mpira wa maji. Nimepiga hesabu ya mpira wake kwa macho. Haumwagi kidogo.

Julai

Sasa hesabu za kweli, maana mita ya maji imeanza kuzungumza.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pemba ya juani, ili ibaki kijani kwenye upepo huu mkavu, inataka lita nne na nusu hivi kwa mita kila siku. Juani nina mita 80, kwa hiyo lita 360. Kivulini mita 40 zinaridhika na lita mbili, kwa hiyo 80. Jumla ni 440 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 13 kwa mwezi, kabla mtu hajaoga wala kupika. Tangi langu, nikilitoa lote kwa majani, ni la siku 11.

Hesabu ya pili imeniudhi zaidi. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka. Paa langu ni mita za mraba 160. Hata nikisema thuluthi, hapana, niseme tone moja kati ya matano linapotea, bado lita 73,000 hivi zilipita juu ya kichwa changu kati ya Desemba na Aprili. Zingetosha bustani hii zaidi ya miezi mitano, yaani kiangazi karibu chote. Tangi lilichukua 5,000, likajaa mvua ya tatu au ya nne, na kilichobaki kilikwenda mtaroni kikiwa na kandambili.

Watu wa nchi kavu zaidi yetu wamekwisha kuchoka na hesabu hizi. Kule Nevada, Marekani, ambako Las Vegas imejengwa jangwani, mwaka 2021 walipitisha sheria kwamba ifikapo mwisho wa 2026 majani ya pambo tu, yale ya kando ya barabara na mbele ya maofisi ambayo hakuna anayeyakanyaga, yasimwagiliwe tena kwa maji ya mto Colorado. Nyumba za familia hawakuzigusa, ila mamlaka ya maji huwalipa watu wanaokubali kung'oa. Nilimsomea Mzee habari hiyo kwenye simu nikidhani atafurahi ushindi. Akauliza kama wanalipa na wale ambao hawakupanda kabisa, maana anawadai miaka mingi.

Mabadiliko: maji ya suuza ya pili ya nguo sasa yanakwenda mwarobaini na Pemba ya kivulini. Ya dawa ya madoa hapana. Juani namwagilia kila baada ya siku nne kwa wingi. Nimepanga makopo ya nyanya tupu kwenye majani kupima kinyunyizio kinamwaga kiasi gani, nikagundua upande wa ukutani unapata karibu mara mbili ya upande wa geti, kwa sababu upepo wa asubuhi unasukuma maji huko. Nimeacha hivyo hivyo. Kugeuza bomba ni gharama, na upande wa ukutani ndio unaoonekana kwa Mzee.

Agosti

Nanenane, viwanja vya Nzuguni. Nilikwenda kuangalia mapipa ya kuvuna maji ya mvua. Kwenye banda la watu wa malisho kutoka Kongwa nikamkuta Mzee ameinama juu ya mbegu za majani ya malisho, anauliza maswali ya mtu anayetaka kununua. Aliponiona alisimama wima na kusema amekuja kusalimia wenzake wa zamani. Nikasema na mimi nimekuja kusalimia mapipa.

Wiki hiyo hiyo, mbuzi. Geti langu liliachwa wazi na mtu wa gesi, na kundi lililokuwa linapita kwenda bondeni likaingia lote. Walipita mbele ya kiwanja cha Mzee, ambacho hakina geti upande huo, hawakukitazama. Mmoja alisimama kwa kaka wa ghorofa, akavuta plastiki, akatafakari, akaondoka. Kwangu walikula hadi mtoto wa mchungaji alipofika amevua kofia, akiomba msamaha kwa Kigogo na Kiswahili kwa pamoja.

"Mbuzi wamekwisha kuamua," nilimwambia Mzee.

"Mbuzi wamekupa alama," akasema. "Mwamuzi ni kijana."

Pemba iliyoliwa juu juu inarudi. Iliyong'olewa kwa mizizi upande wa geti haikurudi, na bomba limeingia mgao mkali, kwa hiyo geti nimeliachia.

Septemba

Upepo. Juani, kuanzia getini hadi katikati, Pemba imekuwa ya kahawia pamoja na maji yote. Kivulini ni kijani safi. Na kuna ukanda wa mita kama tatu kando ya ukuta wa mashariki, jua kali kabisa, ambao ni kijani kuliko hata kivulini. Nimekuwa nikiuonyesha wageni.

Jumapili nilikaa chini na kuutazama vizuri. Jani jembamba. Vifundo karibu karibu. Huo haukuwa Pemba.

Ukoka wa Mzee umepita matunduni, au ulikuja na tope la Desemba, au kijana ameuleta kwenye fyekeo lake akitoka kunyoa kwake na kuja kunyoa kwangu. Labda yote matatu. Umetambaa chini ya Pemba mvua nzima bila kujionyesha, na Pemba ilipochoka ukachukua nafasi. Upande wa kwake ni mkavu, rangi ya mkeka. Upande wangu unakunywa maji ya kinyunyizio, sehemu ile ile ambayo makopo yalisema inapata mara mbili.

Sasa naelewa lile tabasamu la Oktoba, au naamini naelewa. Nimemuuliza kijana kama Mzee alijua.

"Mzee anajua majani yake, mama."

Nimejaribu kuung'oa. Unakatika, na kila kipande kinabaki na kifundo. Nimeacha baada ya mita moja, na kwa kweli nimeacha kwa sababu pale nilipong'oa vumbi lilianza jioni hiyo hiyo.

Oktoba

Siku ya hukumu. Kijana alivaa shati la kanisani. Bibi wa Kondoa, ambaye alisema anaondoka Februari, alileta kiti chake. Kaka wa ghorofa alikataliwa mapema: plastiki haina mizizi, alisema mwamuzi, na asiyeweza kukauka hawezi kushindana.

Kwa Mzee kulikuwa na kijani mahali pawili, chini ya bomba la nje na pale maji ya bafu yanapotokea. Kwangu kijana alipima kwa kijiti chake, mita kwa mita. Kivulini mita 40 za Pemba, kijani. Kando ya ukuta mita 25 hivi, kijani. Zilizobaki alizipita haraka, kwa adabu.

Mzee alisubiri apimwe hadi mwisho. Kisha akaomba nafasi ya kusema, akaeleza kwamba zile mita 25 ni zake. Mbegu yake, ukoo wake, umevuka ukuta kwa miguu yake wenyewe bila kubembelezwa na mtu. Ukizihesabu kwake pamoja na bafu na bomba, alisema, tofauti ni ndogo, na ukihesabu na bili ya maji, ameshinda.

Mimi nikasema kiwanja ni changu kwa hati, maji ni yangu kwa risiti, na bila maji yangu ukoka huo ungekuwa mkeka kama ndugu zake.

Kijana alishika kidevu. Akasema majani ni ya Mzee, maji ni ya mama, na kwamba yeye katika masharti aliambiwa rangi tu, hakuambiwa ukoo. Akanipa ushindi. Mzee akakata rufaa kwa dada yake. Bibi akasema jogoo ataletwa kwake, yeye ndiye mgeni, na yule atakayebisha aje na ufagio.

Jogoo ameliwa kwa ugali wa uwele na mlenda. Alikuwa wa Mzee, kwa hiyo nahesabu nimeshinda, ingawa nilikula paja moja tu.

Mpango wa msimu ujao: kivulini inabaki Pemba. Juani, kuanzia geti hadi ukuta, naacha ukoka uendelee unakotaka, na kinyunyizio kitaelekezwa kivulini. Tangi la pili, lita 10,000, litakaa pembeni ya ukuta wa mashariki, na Mzee amekubali mfereji wa bati lake umwage humo pia, kwa kuwa maji yake yalikuwa yanakuja kwangu hata hivyo, ila sasa yatakuja bila tope. Matundu hayazibwi.

Leo asubuhi kijana alikuwa anapunguza kando ya ukuta. Sauti ikatoka upande wa pili.

"Wewe! Hapo ni kwangu. Usishuke chini ya sentimita tatu."

Kijana akanitazama. Nikamwambia amkatie nne.